Wanaume Nyuma ya Mwezi

"Marahaba!" Bi Turkiya aliuambia ukuta.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mama yangu, Makorora, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na juu ya ile ya kichwani amejifunga miwani nyeupe, nene kama kipande cha mche wa sabuni, iliyomziba macho yote mawili. Ukutani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kalenda ya msikiti, na msumari ambao mama alikuwa akiutafutia picha tangu mimi niko darasa la tano. Hata hivyo Bi Turkiya aliinamisha kichwa kwa adabu, akageuka kushoto akaitikia tena, akageuka kulia.

"Marahaba, wanangu, marahaba. Mko wengi! Mbona hamna miguu?"

"Miguu haionyeshwi, somo," nilisema kutoka mkekani. "Hao ni wanafunzi wangu."

"Miye nasikia hata majini wana kwato. Hawa kwato pia hawana."

Nilicheka, kisha nikajizuia, maana mwali hacheki kwa sauti. Mikono yangu ilikuwa juu ya mto, viganja vikitazama dari, hina mbichi imepanda mpaka kwenye vifundo. Miguu vilevile. Pua iliniwasha na sikuwa na wa kunikuna. Na kule Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kidato cha tatu kilikuwa kimemngoja mwalimu wake wa hesabu tangu asubuhi, kikaletewa kungwi.

Mwaka ule nilikuwa na mambo mawili niliyoyapenda kwa moyo wangu wote, na yote mawili yakaangukia wiki moja. La kwanza ni Tahiri, ambaye nilikuwa naolewa naye. La pili ni miwani kumi.

Zilikuja na mradi wa kufundisha hesabu na sayansi kwa kile ambacho wakubwa wanakiita uhalisia pepe. Shuleni tuliziita miwani, basi. Ukizivaa, dawati linapotea, ubao unapotea, unajikuta umesimama ndani ya moyo unaodunda, au katikati ya dunia iliyo tupu kama chungu, ikweta imekuzunguka pande zote. Wanafunzi wenzako unawaona vichwa na mikono tu, kila mmoja na jina lake utosini. Mwalimu Mathew, mwenzangu wa kemia, mtu wa Muheza asiyeshtuka hata kwa radi, alipozivaa mara ya kwanza aliikwepa molekuli ya maji akaenda chini na kiti chake. Wanafunzi walicheka mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Lakini aliyewahi kufundisha hesabu katika shule kama yetu ndiye atakayejua miwani zile zilitufanyia nini. Mchukue Najat. Miaka miwili nilisahihisha karatasi zake, na kila mara nilikuta jina limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, tarehe imepigiwa mstari, kisha karatasi nyeupe mpaka chini. Ukimwuliza swali anaitazama meza kana kwamba meza ndiyo itakayomjibia. Siku alipoingia ndani ya dunia kwa mara ya kwanza alinyamaza kipindi kizima, nikasema moyoni, haya, huyu ndiyo kanishinda. Kengele ilipolia akaivua miwani, nywele zimemtoka kwenye mtandio, akaniuliza:

"Mwalimu, kumbe pembe inapimwa kutoka katikati? Siku zote nilidhani inapimwa juu juu, kwenye ngozi ya dunia."

Nilimjibu ndiyo, inapimwa kutoka katikati. Kisha nikaenda nyuma ya maktaba nikalia. Nilifurahi sana siku ile, sina haja ya kuficha.

Ila miwani hazikuwa zetu. Mradi ulizikopesha shule mbili kwa kujaribu, na ni shule moja tu ambayo ingebaki nazo. Sharti lilikuwa fupi: atakuja mtu wao, atakaa katika kipindi kimoja cha hesabu, mwalimu awepo na wanafunzi waonyeshe kwamba wameelewa. Akiridhika, miwani zinabaki. Asiporidhika, anaondoka nazo siku hiyohiyo. Siku yetu ilipangwa Jumatano, na mada tuliichagua wenyewe, dunia kama tufe.

Nayo harusi ilikuwa imepangwa mwisho wa muhula, mbali kabisa na Jumatano hiyo. Halafu ami yake Tahiri aliyemlea, ambaye ndiye angesimama upande wake, akapata likizo mapema kazini kwake Maskati. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia na hapakuwa na aliyetaka kukimbizana nao. Wazee wakakaa, wakanywa kahawa, wakainuka na jibu: nikaha ni Ijumaa. Ijumaa ya wiki ileile. Hakuna aliyekumbuka kuniuliza nina kipindi lini.

Kwetu mwali akishaingia ndani, hatoki. Anasingwa, anafukizwa udi, anafundwa, analishwa vizuri, na haonekani na mwanamume asiye maharimu yake mpaka siku yake ifike. Simu anapokonywa. Mwenye amri juu ya haya yote si baba wala mama. Ni somo yake. Somo yangu alikuwa Bi Turkiya, aliyemfunda mama yangu, akawafunda shangazi zangu, na akiwa njiani kwenda sokoni, nusu ya wanawake wanaomwamkia ni wali wake wa zamani. Hajapata kuniinulia sauti. Hakuwa na haja hiyo.

Jumamosi ile nilipoingizwa ndani nilimwomba anipe ruhusa ya nusu siku tu, niende Mwera nirudi. Alichota singo, akanipaka mgongoni, akaanza kunisugua kwa nguvu kuliko kawaida yake, nikaelewa.

Lakini kwenye begi langu, katikati ya nguo, ilikuwemo miwani moja. Nilikuwa nimekuja nayo kuandalia masomo. Bi Turkiya aliigundua Jumatatu alipokuwa akitafuta chupa ya mafuta ya mawaridi, akaigeuzageuza, akaibandika kwenye paji la uso akidhani ni zawadi kutoka kwa bwana harusi.

"Hii inakanda wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu: mradi, Jumatano, Najat na karatasi zake nyeupe. Nikamwambia kwamba nikiivaa miwani hii hapa chumbani, wanafunzi wangu wataniona kule.

"Watakuona weye?"

"Wataona mwanasesere. Sura si yangu, nywele hazionekani. Sauti tu ndiyo yangu."

"Na mwili wako uko wapi?"

"Hapa. Mkekani."

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mlangoni akisikiliza. Akasema kutoka ni kutoka, hata ukitoka kwa miwani. Mama akasema mtoto hajavuka kizingiti. Wakabishana kwa sauti za chini mpaka wali ukaungua. Usiku huo Bi Turkiya aliponifunika shuka alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua: mwali akitoka, anaanza upya. Kuanza upya maana yake nikaha iahirishwe, ami arudi Maskati bila kuona harusi, Tahiri anune mpaka baada ya Idi. Sikulala vizuri. Nilikuwa nataka miwani na namtaka Tahiri, na sikuona kwa nini mtu mmoja asipate vyote viwili.

Jumatano asubuhi fundi wa kupaka hina akaja kabla ya wakati, kwani alikuwa na bibi harusi mwingine Ngamiani. Mwali haulizwi yuko tayari au hayuko. Alinichora kwa raha zake, maua na majani, na katikati ya kiganja cha kulia akaweka ua moja kubwa, akalizungushia petali nyembamba nyembamba, akalitazama kwa kichwa upande kama mtu anayejipongeza. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Ndipo Bi Turkiya alipoichukua miwani kutoka kabatini.

"Nifunge hii. Nitakwenda miye kwanza. Simpeleki mwali wangu mahali nisipopajua."

Basi ndivyo alivyofika pale katikati ya chumba, akiitikia marahaba kwa kalenda ya msikiti.

Kule Mwera, Mathew akiwasimamia, wanafunzi wetu wanane walikuwa wamevaa miwani, wengine wakitazama kwenye skrini ukutani. Walimwona mwanasesere mwenye jina langu utosini. Walisikia kwamba sauti imebadilika, lakini, alivyonisimulia Mathew baadaye, walidhani ni mtandao.

"Nani mwanamume humu?" Bi Turkiya aliuliza.

Mkono mmoja ukapanda, ukafuata wa pili, wa tatu.

"Haya. Wanaume wote waende…" Akageuka huku na huku akitafuta mahali pa heshima pa kuwaweka. Hapakuwa na pazia wala ukuta. Palikuwa na dunia, nyota, na mwezi uliokuwa ukining'inia pembeni. Akanyoosha mkono. "Nyuma ya ule mwezi. Na mkae hukohuko mpaka muitwe. Upesi!"

Wakaenda. Pamoja nao akaenda, bila kuuliza, Bwana Daniel, mtu wa mradi, aliyekuwa amevaa miwani ya tisa na kusimama pembeni akitazama. Jina lake lilikuwa utosini kama ya wengine, ila Bi Turkiya hakuwa na muda wa kusoma majina ya wanaume.

Aliivua miwani, akatazama chumba cha mama kana kwamba kimepungua ukubwa.

"Pana uwazi kule," alisema taratibu. "Nimeiona dunia kwa nje. Buluu tupu." Kisha akakumbuka kazi iliyompeleka. "Sasa sikilizeni. Kutoka ni miguu. Na pale hakuna mwenye miguu, kwa hiyo pale hatoki mtu. Mvalisheni."

Shangazi, aliyekuwa akifukiza udi mlangoni, akaondoka na chetezo chake.

Ikabaki mikono. Miwani inakwenda na rimoti mbili, moja kila mkono, na mikono yangu ilikuwa ni bustani mbichi. Bi Turkiya hakupoteza muda. Alikaa nyuma yangu, akapitisha mikono yake chini ya makwapa yangu, akashika rimoti mbele ya kifua changu. Ndivyo anavyowafundisha wali kucheza, mwili mmoja nyuma ya mwingine.

"Sema weye," aliniambia sikioni. "Mikono yangu."

Dunia ikafunguka mbele ya macho yangu, na nyuso za wanasesere zikanigeukia, wasichana tupu. Niliwasalimu. Wakaitikia kwa furaha ya watu waliorudishiwa mwalimu wao. Nikawaingiza ndani ya tufe.

"Leo tunatafuta nusukipenyo cha duara dogo," nilisema, kisha nikanong'ona, "mkono wa kulia, somo, mbele, usawa wa kifua. Zungusha."

Mkono ukaenda. Lakini ulikwenda kwa namna ya Bi Turkiya, kiganja kikigeuka polepole, vidole vikifuata nyuma, madaha matupu. Nasikia darasani walitazamana. Hawakuwa wamepata kuona ikweta ikionyeshwa namna ile, na mpaka leo kuna waliomaliza shule wanaoionyesha vilevile.

Tulikwenda vizuri. Nilionyesha mhimili, nikaonyesha katikati, tukapima pembe kutoka ikweta kwenda juu. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna watu nyuma ya mwezi. Mara ikaja sauti nzito, ya mtu mzima, yenye heshima zote:

"Samahani, mwalimu. Naomba ruhusa ya kutoka huku."

Vipaza sauti vya miwani zile havizibi masikio. Vinasikika chumba kizima. Shangazi alikuwa anaingia na chetezo. Alisikia sauti ya mwanamume asiyemjua ikitoka usoni mwa mwali wetu, akafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angekifanya: aliivuta kanga ya mabegani, akanitupia kichwani, ikanifunika miwani na kila kitu.

"Mwanamume!" alisema. "Nilisema miye! Nilisema!"

Giza. Miwani ile ina macho yake madogo kwa nje; kwa hayo ndiyo inajua ilipo. Ukiyafunika inapotea njia, inazima picha na kukata sauti yako, ikikuachia masikio tu. Ukitaka kusema tena unabonyeza kitufe kimoja kwenye rimoti ya kulia. Bi Turkiya alikuwa ameziacha rimoti zikaanguka mapajani mwangu. Kiganja chake kilikuwa juu ya mdomo wangu.

"Nyamaza," alisema. "Huyo si mtoto."

Nilikaa gizani, nikanusa kanga mpya, udi na hina. Kule Mwera mwanasesere wangu aliganda na mikono mbele kama mtu anayepokea sinia. Mtu wa mradi ametoka nyuma ya mwezi na kumkuta mwalimu hajibu wala hatikisiki. Niliziona miwani zinarudi kwenye sanduku, moja moja. Nilimwona Najat akiandika jina lake vizuri na kuacha karatasi nyeupe.

"Mwalimu wenu amekwenda wapi?" Bwana Daniel aliuliza.

Nilimsikia Mathew akikohoa. Nilisikia kiti kikisogezwa. Kisha sauti ndogo, ambayo ilinibidi nizuie pumzi niisikie:

"Yupo ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani tu. Ni mwali, Ijumaa anaolewa." Sauti ikameza mate. "Lakini anatusikia. Tuendelee?"

Alikuwa Najat.

"Endelea," alisema Bwana Daniel.

"Basi njoo hapa katikati, usimame kwenye mhimili," Najat alimwambia mtu aliyekuja kuamua hatima yetu. "Nyoosha mkono mpaka kwenye ukuta wa dunia. Hapo ndipo mbali kuliko pote, ndipo ikweta ilipo. Sasa panda. Usitoke kwenye mhimili, panda nao tu. Unaona ukuta unavyokusogelea? Duara linapungua. Linapungua kwa kosaini ya pembe uliyopanda."

Kiganja cha Bi Turkiya kilikuwa kimelegea. Kikaondoka mdomoni mwangu, kikakaa begani. Alikuwa ameingiza kichwa chake chini ya kanga pamoja nami ili asikie vizuri, shavu lake karibu na langu.

"Kwa nini kosaini?" aliuliza Bwana Daniel. "Kwa nini isiwe saini?"

Najat akanyamaza.

Swali lile nilikuwa nalijua. Kwa miaka mingi watoto wamejibu, "Ndiyo fomula, mwalimu," wakapata alama zao wakaenda zao. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa pale, linaniwasha kuliko ile pua. Ukimya wa Najat ukarefuka. Mkono wangu wa kulia ukashuka wenyewe mapajani, ukaikamata rimoti, hina na yote. Kidole gumba kikapata kitufe. Kubonyeza tu. Kubonyeza, niseme maneno machache, mwalimu amerudi, sharti limetimia. Somo yangu angeninunia, shangazi angepata la kusema mpaka kufa kwake, lakini miwani zingebaki.

Na Najat angeitazama meza tena.

Sikubonyeza. Niliibana rimoti ile mpaka nikahisi hina ikipenya kati ya vidole, nikangoja.

"Tulianza kupima kutoka ikweta," Najat alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayepapasa swichi ya taa. "Ukiwa ikweta hujapanda. Pembe ni sifuri. Na hapo ndipo duara ni kubwa kuliko yote. Saini ya sifuri ni sifuri." Kisha sauti ikapanda, nikasikia kabisa kwamba ameiona. "Ingekuwa saini, ikweta ingekuwa nukta! Dunia ingekuwa nene kwenye ncha na haina kiuno. Haiwezekani. Lazima iwe kosaini."

"Na nikipanda mpaka kwenye ncha yenyewe?"

"Kosaini ya tisini ni sifuri, bwana. Duara limekwisha. Hapo huzunguki kwenda popote, unageuka tu hapohapo ulipo."

Darasa likacheka, na sauti nzito ikacheka nalo. Nilikuwa nalia chini ya kanga, ndani ya miwani, mahali ambapo machozi hayana pa kwenda.

"Ni nani yule mtoto?" Bi Turkiya alininong'oneza.

"Najat."

Alisikiliza kidogo tena. Sidhani kama alijua kosaini ni kitu gani. Lakini sauti ya msichana aliyejua anachokisema alikuwa ameisikia maisha yake yote, na aliitambua.

"Kafundwa," alisema.

Nimepata vyeti, na mara moja nimepongezwa jukwaani mbele ya watu wa wilaya. Hakuna nilichowahi kuambiwa kuhusu kazi yangu ninachokithamini zaidi ya neno lile moja.

Mathew alipiga simu ya mama kabla ya adhuhuri. Mama aliisikiliza amesimama, akaitikia mara nyingi, akaja kuninong'oneza mbele ya Bi Turkiya, kwa kuwa mwali haruhusiwi simu lakini habari haizuiliki. Miwani zinabaki. Bwana Daniel alisema masharti yalimtaka mwalimu awepo, na yeye alimwona yupo, japo alikuwa haonekani. Anasalimia. Anamsalimia zaidi yule mama aliyemweka nyuma ya mwezi. Hakuwa amepata kuamrishwa hivyo tangu alipotoka kwao, na angependa kujua shule inamlipa shilingi ngapi.

"Mwambie sijaajiriwa," alisema Bi Turkiya, lakini alijitengeneza kanga yake vizuri.

Ndipo fundi wa hina alipopiga kelele. Ua la kiganja cha kulia lilikuwa limekatika katikati. Nusu ilikuwepo, na petali zake nyembamba. Nusu nyingine ilikuwa imehamia kwenye rimoti, pale panapokaa kidole gumba na nyama ya kiganja. Akaomba aifute yote achore upya. Bi Turkiya alikitazama kiganja, akaitazama rimoti, akanitazama mimi, na nikajua amejua ni lini niliishika na nilitaka kufanya nini nayo.

"Liache," alisema. "Hilo ni lake na mumewe."

Ijumaa baada ya nikaha Tahiri aliletwa chumbani kunipa mkono. Mlangoni vigelegele, manukato mpaka unapiga chafya, shangazi zangu wakisukumana waone. Macho yangu nilikuwa nimeyainamisha kama nilivyofundwa. Tahiri akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akakaa akiutazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

"Nusu ya pili iko wapi?" aliniuliza polepole.

"Mwera," nikamwambia.

Alicheka kwa sauti mbele ya watu wote, nami nikasahau kuinamisha macho. Bi Turkiya alinifinya kiuno, si kwa nguvu.

Nusu iliyokuwa kiganjani ilififia kabla ya mfungo kufika kati. Iliyokuwa kwenye rimoti haikutoka. Niliijaribu kwa spiriti, Mathew akaijaribu kwa dawa zake za maabara, ikabaki, rangi ya chai ya rangi. Wanafunzi wapya wakifika kidato cha tatu huuliza kama ni kutu. Siku za mitihani huigombea.

Miaka minne imepita. Miwani kumi zimebaki saba, nazo mbili zinataka kubembelezwa ndipo ziwake. Mwezi uliopita chuo kilituletea walimu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na mmoja wao alikuwa wa hesabu. Aliingia darasani na begi kifuani, mrefu kuliko alivyokuwa alipotuacha, akanipa shikamoo yake, nikaitikia. Kisha akaenda kwenye sanduku, akazipitia rimoti kwa vidole bila kuzitazama, akaitoa ile. Kidole gumba chake kikakaa juu ya nusu ua.

Nilimwona anavaa miwani, anavuta pumzi. Wanafunzi walikuwa wamekwisha ingia kule, wanamngoja, wananong'ona wao kwa wao kama kawaida wanapoletewa mgeni. Najat aliwageukia.

"Nani mwanamume humu?" aliuliza.

Mikono ikapanda. Nami nikaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, mikono mapajani, nikanyamaza.